Kabla hujanunua mashine ya kufulia, pima kwanza maji yako

Mashati ya shule ndo yaliyotuambia. Jumapili jioni nayatoa kwenye mashine naona kila moja lina doa la kahawia kwenye kola, nikalisugua kwa ndimu, halitoki. Nikaufunua ule mpira wa mlangoni, chini yake maji yamesimama yana rangi ya kutu kabisa. Na kwa wiki kama tatu hivi mashine ikifika kwenye kukamua ilikuwa inaunguruma mpaka sufuria za kabatini zinagongana, mi nikadhani labda sakafu haijakaa sawa, nikakunja kipande cha mkeka nikakitia chini ya mguu mmoja. Fundi alipokuja hakuwasha hata umeme. Alifungua mlango, akashika dramu kwa ndani upande wa juu, akainyanyua, ikacheza juu chini kama jino la mtoto linalotaka kutoka, akasema, "Mama, beringi zimekwisha hizi, na siyo leo."

Tulipofungua nyuma ndo nikaona mwenyewe. Dramu ya ndani, ile ya chuma kinachong'aa, ilikuwa nzima kabisa haina hata mkwaruzo. Ila kwa nyuma inashikwa na kitu kama nyota ya miguu mitatu, kile siyo chuma kile, ni alumini, na mguu mmoja ulikuwa umeliwa na chumvi mpaka fundi akiuchoma kwa bisibisi unamomonyoka kama biskuti iliyoloa. Sili, ule mpira wa kuzuia maji, ilishapasuka, maji yakaingia kwenye beringi, zile gololi zinazoibeba dramu ikizunguka, beringi zikashika kutu, na kutu ndo hiyo ikawa inarudi kwenye mashati. Alafu likaja kubwa kuliko yote: lile pipa la plastiki linaloizunguka dramu lilikuwa limeunganishwa moja kwa moja kiwandani kwa kuyeyushwa, halina skrubu hata moja. Kuzifikia beringi mpaka ukate plastiki na msumeno kuzunguka pande zote, ubadilishe, alafu urudishie kwa gundi na bolti na kuomba isivuje. Wapo mafundi wanaofanya. Wetu akasema anaweza ila hawezi kuniahidi, na mi namheshimu kwa kusema hivo.

Mwaka mmoja na miezi minane. Na mlangoni bado ina ile stika kubwa ya waranti ya miaka 10.

Miaka 10 kumbe ni ya mota peke yake. Mashine nzima ilikuwa na waranti ya mwaka mmoja, imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya ndani, na mota yetu kweli ilikuwa haina tatizo lolote, inazunguka vizuri tu, inazungusha dramu iliyooza. Kwa hiyo ukiona stika ya miaka 10 au 20 usifurahi kwanza, uliza miaka hiyo ni ya kitu gani, maana vinavyokufa mara nyingi ni beringi, bodi ya umeme inayoongoza mashine, pampu ya kutoa maji na valvu ya kuingiza maji, na hivyo vyote kwa kawaida viko kwenye ule mwaka mmoja.

Wiki tano zilizofuata tulifua kwa mikono. Kwetu tuko sita, mimi na mume wangu, watoto watatu, na binti anayenisaidia nyumbani. Sare za shule, mashuka, taulo, magauni, jinzi, na kanga ambazo lazima ufue peke yake kwa sababu zinachuja. Tunakaa Kigamboni, Kibada kwa ndani, maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu mpaka umwage nusu pakiti, na wiki ya tatu nikamwona yule binti anaosha vyombo kwa kutumia viganja tu, vidole ameviweka juu. Nikamwambia nionyeshe. Kwenye viungo vya vidole ngozi imechubuka vidonda, kumi vyote, na hakuwa amesema chochote. Siku hiyo ndo niliamua mashine hii ya pili hatununui kwa kuangalia rangi, tutaichagua kama watu wanavyochagua gari, kwa sababu tukikosea tena anayeumia ni mtu ambaye hakuulizwa.

Sasa nikaanza kuuliza watu mashine gani ni imara. Kila mtu anakutajia yake. Huyu anakwambia LG, huyu Samsung, huyu anasema Hisense bei nzuri, shemeji yangu anaapia Bosch, na wote wanasema kweli kwa sababu kila mmoja anaongelea maji ya kwake na umeme wa kwake. Fundi ndo alinigeuza kichwa. Nilimuuliza, "Fundi, nichukue ipi?" Akasema, "Mama, usiniulize mashine ipi nzuri. Niambie kwanza maji yako yakoje, tangi lako liko juu kiasi gani, na umeme wenu ukirudi unarudije." Basi tukaanzia bombani.

Maji ya kisima yana maadui wawili na watu wengi wanawachanganya. Kuna chumvi, hii inakula vyuma, ile nyota ya alumini, skrubu, mabati ya chini. Na kuna chokaa, hii haili, inajenga, inaganda kwenye hita gamba jeupe mpaka hita inashindwa kutoa joto inaungua yenyewe. Kujua kama una chokaa hauhitaji maabara, angalia ndani ya birika la umeme: ukiona ukoko mweupe chini, hita ya mashine yako nayo itavaa ukoko uleule. Chumvi unaionja tu. Sisi tunavyo vyote viwili. Na hapa nasema wazi, hakuna mashine ya nyumbani ninayoijua inayovumilia maji ya chumvi miaka kumi, yoyote ile, ya bei yoyote. Kwa hiyo tulichofanya ni kuitenga: tukaweka tangi dogo la lita 500 la mashine peke yake, linajazwa maji ya mvua kutoka bati msimu wa masika, na kiangazi tunanunua maji yasiyo na chumvi ya boza. Maji ya mvua hayana chumvi wala chokaa, sabuni kidogo tu povu limejaa. Kisima kikabaki cha chooni na kudekia.

Ukishaanza kununua maji ya boza hapo ndo unaelewa tofauti ya mashine za mlango wa mbele na zile za kufungua juu. Ya mlango wa mbele ya kilo 7 inafua na kusuuza kwa lita kama 50 hivi, 60. Ya juu ya kilo hizohizo inapita lita 100 bila shida, kwa sababu ile lazima nguo zielee, wakati ya mbele inazinyanyua na kuzidondosha kwenye maji kidogo. Mtu mwenye bomba la DAWASA linalotoka kila siku anaweza asijali. Mi nilijali sana.

Alafu presha. Hili limewatesa watu wengi na hawajui. Mashine otomatiki ina valvu ya kuingiza maji na ile valvu inahitaji maji yaje na nguvu kiasi fulani, kitabu cha ile tuliyoipenda kiliandika 0.05 mpaka 0.8 MPa, yaani baa 0.5 mpaka 8. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi yanapata baa moja kwa kila mita 10 za urefu. Simtanki letu limekaa kwenye mnara wa mita tatu, kwa hiyo bombani tunapata baa 0.3 tu. Haitoshi! Mashine itasubiri maji, itasubiri, mwisho itasimama na kuandika kosa, kwenye LG utaona IE, kwenye Samsung 4C au 4E, na wewe utaita fundi utasema mashine mbovu kumbe mnara mfupi. Tulifunga pampu ndogo ya presha kati ya tangi na mashine, ile inayojiwasha yenyewe ukifungua bomba, na ndo hesabu yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo siyo baadaye. Na kuna kichujio kidogo pale mpira wa maji unapofungwa nyuma ya mashine, kama kikofia cha neti, kinachomolewa na koleo. Cha mashine ya kwanza nilipokitoa kilikuwa kimejaa mchanga umeshikana kama saruji. Kioshe kila baada ya miezi miwili kwa mswaki wa zamani.

Umeme nao. Jirani yetu bodi yake iliungua wakati wa mgao wa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujawashwa Februari 2024, na haikuungua umeme ulipokatika, iliungua uliporudi, kwa sababu unarudi kwa kishindo alafu unakatika tena alafu unarudi. Alikuwa ameweka kigadi, kile kifaa cha kukinga umeme unaoyumba, tena kile kile cha friji. Fundi akatuonyesha hesabu nikaipenda sana: hita ya mashine ni wati 2000, gawanya kwa volti 230, unapata kama ampea 8.7. Kigadi cha friji ni cha ampea 5. Mashine inayochemsha maji inataka kigadi cha ampea 13 au 15, kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme. Na isichomekwe kwenye ekstensheni, ichomekwe kwenye soketi ya ukutani yenye erthi, maana hapa tunaongelea umeme na maji pamoja na watoto wanaopita miguu peku.

Kuhusu LUKU watu wanaogopa bure na wakati huohuo hawaogopi panapotakiwa. Niliandika namba za mita kabla na baada ya kufua, nikiwa nimezima vingine vyote. Kufua kwa maji baridi ilikula robo ya yuniti, haifiki. Kufua kwa digrii 60 ikala yuniti moja na kitu. Yaani kinachokula siyo kuzunguka, ni kuchemsha. Kama uko kwenye ile tarifu ya wanaotumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi, fua kwa baridi, na siku ya mashuka na taulo ndo upandishe digrii, basi.

Kuna kishawishi kingine cha used. Sikatai used, nimelelewa kwenye mtumba, ila soma kile kibati cha nyuma kabla hujatoa hela. Za kutoka Japani zinaletwa na nyingi ni za volti 100, za Marekani 120, ukichomeka kwenye 230 yetu moshi hapohapo, na transfoma ya kubeba wati zote hizo ni hela na ni joto na ni kitu kingine cha kuharibika. Za Uingereza umeme wake unakubali. Mama yangu mdogo yuko Muscat, alitaka kutununulia huko aitie kwenye kontena la ndugu, na umeme wa Oman hauna shida na wetu, 240 na hetzi 50, plagi ileile ya pini tatu. Tulimshukuru tukakataa, kwa sababu ya waranti, ikiharibika mwezi wa pili nani anaipeleka Muscat.

Basi tukaenda Kariakoo na fundi, nikamlipa siku yake. Hii ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Muuzaji anatuonyesha kioo cha kugusa, programu 14, mvuke, waifai, kuiwasha ukiwa kazini, na fundi kainama anaangalia nyuma anauliza model namba ngapi. Alafu anatoka nje anapiga simu kwa mwenzake wa vipuri kuuliza bodi ya model hii ipo? Pampu ipo? Mpira wa mlango upo? Mbili kati ya tulizopenda zikakataliwa hapohapo, vipuri hamna mpaka viagizwe. Na kuna njia ambayo hata wewe usiye na fundi unaweza kuifanya ukiwa umesimama dukani: chukua namba ya model, iandike YouTube pamoja na neno beringi kwa kiingereza, yaani bearing. Ukiona jamaa anafungua skrubu pipa linagawanyika nusu mbili, chukua. Ukiona kashika msumeno, achana nayo. Ile tuliyochukua pipa lake ni la skrubu, na beringi zake ni 6205 na 6206, namba za kawaida kabisa ambazo hata duka la vipuri vya magari unazikuta, siyo kitu cha kuagiza Ulaya.

Kilo nazo ziliniweka njia panda. Muuzaji anasema familia ya watu sita chukua kilo 10. Mi nilishabeba kapu la nguo za siku mbili nikalipeleka dukani kwa Mangi nikalipima kwenye mizani ya mchele, jinzi ya mume wangu peke yake gramu 700, shuka la sita kwa sita na foronya zake kilo na ushee, na wiki nzima ikaja kama kilo 19. Kilo wanazoandika ni za nguo kavu, tena za pamba kwenye programu ya pamba, ukienda kwenye programu ya sintetiki kitabu hichohicho kinakwambia usizidishe kilo 3. Ukiishindilia haifui, na beringi zinabeba uzito ambao hazikutengenezewa. Tukachukua ya kilo 8, tunafua mara tatu kwa wiki, inapumua. Mzunguko wa kukamua ni 1200 kwa dakika, wengine wanatafuta 1400, lakini kwa jua la Dar nguo za 1000 zinakauka kabla ya adhuhuri, labda masika ndo utaona faida.

Kwa mama yangu Muheza tulinunua kitu tofauti kabisa na nataka kulisema hili kwa sababu watu wanazidharau zile mashine za mabeseni mawili, upande huu unafua, upande ule unakamua. Mama hana maji ya bomba ya uhakika, anatekewa kwa ndoo. Mashine otomatiki kwake ingekuwa kabati. Hii unamimina ndoo juu, unazungusha kitasa cha saa kama cha feni, imekwisha. Haina bodi ya kuungua, umeme ukikatika unatoa nguo zako na mikono unaendelea, wakati yetu mlango unabaki umejifunga. Maji ya sabuni ya mashuka meupe anayatumia tena kwa nguo za rangi. Lazima asimame karibu kuhamisha nguo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, hilo kweli, na nguo mbichi ni nzito, ila kuinamia beseni saa tatu kumeisha, na mgongo wake ndo uliotupeleka dukani. Bei yake haikufika hata nusu ya yetu.

Yetu ilivuka daraja la Kigamboni imefungwa kamba kwenye kirikuu, imesimama wima, nilikataa ilazwe. Vijana wa duka walitaka kuichomeka wakimbie, na hapa naomba usikilize, nyuma ya mashine ya mlango wa mbele kuna bolti ndefu, yetu ilikuwa nazo nne, ambazo kiwanda kimeziweka kushikilia dramu isiyumbe njiani. Lazima zitoke kabla ya kuwasha. Ya kwanza ilifua mara mbili bolti zikiwa ndani, waliotufungia hawakusema na sisi hatukujua, ilitembea kutoka ukutani mpaka mlango wa stoo, na fundi anasema safari ya beringi ilianzia siku ile. Safari hii fundi alizitoa mwenyewe kwa spana, akaziba matundu na vile vifuniko vya plastiki vinavyokuja nayo, akaweka pima maji ya fundi ujenzi juu ya mashine, akazungusha miguu mmoja mmoja mpaka kile kitone cha hewa kikatulia katikati. Risiti ya EFD ina jina langu na namba ya siriali ya mashine, niliisoma namba moja moja nikiwa nimesimama pale kaunta, maana ya kwanza iliandikwa "mashine 1" tu.

Sabuni tunatumia ya mashine isiyotoa povu jingi, vijiko viwili, ile ya kufulia kwa mkono povu lake linapanda mpaka linatokea kwenye droo. Mlango unabaki wazi baada ya kufua ili ndani pakauke. Na kila mwisho wa mwezi yule binti anafungua kile kimlango kidogo cha chini mbele, anaweka sahani, anazungusha chujio la pampu: mwezi huu ametoa sarafu ya mia mbili, pini ya mtandio, na nusu ya kalamu ya rangi. Vidole vyake vimepona, kucha amezipaka hina juzi kwenye harusi ya jirani.

Zile bolti nne nimezitia kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati la jikoni, nimeliandika kwa mako peni USITUPE, siku tukihama zinarudi zilipotoka kabla mashine haijanyanyuliwa.